Kidole si ada ya ufundi

Mzaha huu utausikia popote penye mashine za mbao, iwe Kisangani, Keko ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi. Kijana anakuja kuomba kazi, mzee wa ateliye anamtazama vidole, akivikuta vyote kumi anasema: "Huyu bado hajaanza." Watu wanacheka, kijana naye anacheka, kisha anapewa fagio aanze kuzoa vumbi la mbao.

Siupendi mzaha huo, na si kwa sababu ni mkali. Mafundi wana haki ya kuyacheka maumivu yao wenyewe. Ubaya wake ni kwamba unadhuru mara mbili. Kabla ya ajali unamfundisha kijana kwamba kidole ni ada ya kuingilia: iko siku utailipa kama wenzako walivyolipa, sasa kinga ya nini? Baada ya ajali unamwambia kwamba ada imekwisha kulipwa, hakuna cha kudai wala cha kuuguza, funga kitambaa urudi kazini. Na kwa mikono mingi, hasara iliyoletwa na diski ya msumeno ilikuwa ndogo. Iliyoletwa na majuma yale ya kitambaa ndiyo kubwa.

Tuanzie Opala, kwa kuwa mbao hazizaliwi ateliye. Opala iko ukingoni mwa Lomami, kusini-magharibi ya Kisangani, katika nchi ya Wambole. Misitu ya upande huu wa jimbo la Tshopo, Kongo, ina miti inayoliliwa na soko: afromosia, ambayo wengine huiita bohala, na ambayo tangu 1992 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES, kambala, ambayo watu wa pwani huiita mvule, lifaki, na libuyu, ile inayopakiwa kwenye malori mpaka Uganda na Kenya. Mchana mbao wa kawaida wa huko hana kiwanda. Ana tronsoneze, msumeno wa mnyororo. Gogo linaangushwa, linachanwa papo hapo kuwa madriye, yaani mbao nene, kwa kukadiria kwa jicho na mstari wa kamba, halafu madriye zinabebwa kichwani na kwa baiskeli hadi mtoni.

Tronsoneze ilitengenezwa kukata gogo kwa upana. Kuichanisha ubao kwa urefu, siku nzima, mtu akiwa ameinama, ni kuipa kazi nyingine kabisa. Sehemu ya juu ya ncha ya upanga wake ikigusa tawi au gogo la pili, mashine yote inaruka na kumrudia aliyeishika, na hakuna misuli inayowahi kuizuia. Ndiyo maana mbele ya mpini wa kushoto pamewekwa kinga: mashine ikiruka, mgongo wa mkono unaipiga kinga hiyo na mnyororo unasimama. Ile si pambo, ni breki. Lakini ndicho kitu cha kwanza kuvunjika na cha mwisho kununuliwa, kwa kuwa bila hiyo mashine bado inakata.

Mbao hizo zinafika Kisangani mbichi. Zimelala mvuani na mtoni, zinauzwa zikiwa na maji ndani, na mteja anataka kitanda Jumamosi. Ubao mbichi una nguvu zilizofungwa ndani yake. Ukiuchana, pande mbili zinajikunja, na mara nyingi zinaibana diski kwa nyuma. Hapo ndipo ajali za msumeno wa meza zinapotoka. Meno ya mbele ya diski yanashuka na kuukandamiza ubao mezani, lakini ya nyuma yanapanda. Ubao ukiyabana yale ya nyuma, yanaunyanyua na kuutupa kuelekea tumbo la fundi. Na mkono uliokuwa ukiusukuma? Uzito wa mwili ulikuwa nyuma yake, ubao umetoweka ghafla, basi mkono unaendelea mbele peke yake.

Watu husema: angekuwa makini. Tupige hesabu kidogo. Diski ya sentimita 30 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda karibu kilomita 170 kwa saa. Mtu aliyelala vizuri na kula vizuri anahitaji kama robo ya sekunde kushtuka na kuanza kuuondoa mkono. Katika robo hiyo diski imezunguka mara kumi na mbili. Ikiwa ina meno 40, karibu meno mia tano yamekwisha kupita. Umakini ni jambo zuri, lakini haufiki kwa wakati. Kinachofika kwa wakati ni chuma kilichokwisha kuwekwa pale tangu asubuhi.

Chuma chenyewe ni kidogo. Nyuma ya diski unasimamisha bamba lililopinda kuifuata, nene kidogo kuliko mwili wa diski na jembamba kuliko njia inayochanwa. Kazi yake ni kuzuia njia ile isijifunge. Juu ya diski unaweka kifuniko. Mkononi unashika kijiti cha kusukumia chenye mwanya mbele, ambacho utakichonga kutoka kwenye vipande vinavyotupwa kwa mama wauza mandazi. Mtu atasema mashine zetu hazikuja na vitu hivyo. Kweli, nyingi hazikuja na meli kabisa; zimechomelewa mtaani, meza ya chuma, mota iliyofanya kazi nyingine miaka kumi, mkanda ulio wazi, diski. Lakini mchomeleaji anayeweza kusawazisha shafti ya diski mpaka isitetemeke hashindwi kukata bamba la nyuma yake. Hajalikata kwa sababu hakuna aliyeliagiza. Na hakuna aliyeliagiza kwa sababu kidole, kama tulivyokwisha kukubaliana, ni ada.

Randa ya umeme, degoshiseze kama wanavyoiita mafundi wetu, ina historia ambayo kila mwenye ateliye angepaswa kuijua. Zamani visu vyake vilifungwa kwenye shafti ya pembe nne. Kati ya pembe na mdomo wa meza palibaki shimo kubwa, na mkono ulioteleza ulizama humo hadi kwenye kiganja. Shafti ya mviringo ilipokuja, shimo likawa ufa, na mkono ulioteleza ulipoteza nyama ya ncha badala ya vidole vinne. Uingereza iliandika jambo hilo katika kanuni zake za mashine za mbao za 1922: randa ya kusukumwa kwa mkono lazima iwe na shafti ya mviringo. Miaka mia na zaidi imepita. Ukiona shafti ya pembe nne inazunguka katika ateliye yoyote leo, usiagize meza hapo. Na hata ile ya mviringo inahitaji daraja la kufunika visu, na haipaswi kupelekewa kipande kifupi kuliko mkono wa anayekisukuma. Vipande vifupi vina randa ya mkono, ambayo babu zetu mafundi hawakuitumia kwa kukosa akili.

Kuna suala la umeme ambalo ni letu hasa. Kisangani inategemea bwawa la mto Tshopo, lililojengwa enzi za Wabelgiji, na kila mkaaji wa mitaa yake ya Mangobo au Kabondo anajua maana yake. Umeme unakatika ubao ukiwa katikati ya msumeno. Fundi anangoja, anachoka, anaamua kubadilisha diski au kutoa vipande vilivyonasa. Swichi imebaki pale pale ilipokuwa. Umeme unarudi bila kubisha hodi. Dawa yake ipo na si ghali ukilinganisha na mota: kontakta, swichi ya sumaku inayojiachia umeme ukikatika na isiyowasha tena mpaka mtu abonyeze kwa hiari yake. Opala, ambako mashine hutegemea jenereta inayokohoa, hali ni ile ile. Kama mwenye ateliye ana pesa za kitu kimoja tu mwaka huu, mimi ningemwambia anunue kontakta kabla ya rangi ya ukutani na kibao cha jina.

Nisisahau glovu. Wafadhili wanapenda kugawa glovu, picha zinatoka vizuri. Kwa kubeba madriye zenye miba, sawa. Lakini mbele ya diski au randa, glovu ni hatari kuliko mkono mtupu: jino likigusa ngozi linakata, likigusa kitambaa linavuta, na mkono unaingia wote. Vile vile mikono mirefu ya shati, bangili, na kamba ya aproni inayoning'inia.

Marekani wana msumeno unaojisimamisha. Steve Gass, msomi wa fizikia na mwanasheria wa hataza, aliubuni mwaka 1999, na tangu 2004 unauzwa kwa jina la SawStop: diski inapitishiwa umeme mdogo, ngozi ikiigusa mashine inatambua, na kipande cha alumini kinajikita kwenye meno na kuisimamisha diski ndani ya kama milisekunde tano. Ni kazi ya ajabu. Ila inatambua kwa sababu mwili unapitisha umeme, na ubao wenye maji unapitisha vile vile, kiasi cha kuidanganya. Mbao za Opala zingeisimamisha mara kwa mara, na kila mara unanunua kipande kipya na pengine diski mpya. Kwetu, bamba la mchomeleaji bado ndilo lenye akili.

Mwaka 2002 nchi hii ya Kongo ilipata sheria mbili ndani ya miezi miwili: Sheria ya Misitu tarehe 29 Agosti, na Sheria ya Kazi tarehe 16 Oktoba. Moja inaulinda mti, nyingine inamlinda anayeukata. Linganisha maisha yao. Madriye zikisafiri, kila kizuizi kina mtu wa kuuliza karatasi za mti. Sijaona kizuizi kinachouliza karatasi za mkono. Na hatukuanza jana: mwaka 1967 Kongo iliridhia mikataba miwili ya Shirika la Kazi Duniani, namba 119 kuhusu kinga za mashine na namba 121 kuhusu fidia ya ajali za kazini. Ule wa kwanza unakataza hata kuuza mashine yenye sehemu hatari zisizofunikwa. Mwajiri aliyesajiliwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, analipa asilimia 1.5 ya mishahara kwa ajili ya ajali na maradhi ya kazini, na kwa mfanyakazi wake mlango wa kudai upo. Lakini ateliye ya mtaani haina mwajiri wala mshahara. Ina patron, wanafunzi wawili, na malipo kwa kila kitanda. Wakenya wana sheria yao ya fidia ya 2007 iliyoorodhesha thamani ya kila kidole kwa asilimia ya ulemavu, Watanzania wana mfuko wao wa fidia, WCF, na bado fundi wa Gikomba asiye na mkataba yuko nje kama wa Makiso, Kisangani.

Sasa tuseme ajali imekwisha kutokea, tena Opala kwenyewe. Cha kwanza ni maji safi, mengi, kisha kitambaa safi kinachokandamizwa kwa nguvu juu ya jeraha, na mkono uinuliwe juu ya moyo. Si majivu, si mafuta ya taa, si unga wa kahawa. Vitu hivyo vinamletea daktari kazi ya kuosha na kumletea mgonjwa usaha. Kamba iliyofungwa kifundoni kwa saa nyingi inaua kilichobaki kizima. Pete zitolewe kabla ya uvimbe. Sindano ya pepopunda isiahirishwe, kwa kuwa vumbi na udongo vimo ndani ya jeraha hata kama halionekani chafu.

Halafu safari ya Kisangani. Njia ya nchi kavu ni zaidi ya kilomita mia mbili za matope kwa pikipiki, inaishia Lubunga, na Lubunga iko ng'ambo: hospitali kubwa ziko upande wa pili wa mto Kongo, lazima pirogi. Tangu 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeongeza hofu upande huo. Njia ya maji inashuka Lomami hadi Isangi, kisha inapanda mto mkubwa kupitia Yangambi. Kidole kilichokatika kabisa kinavumilia takriban saa kumi na mbili katika joto, na kama siku moja kikiwa katika baridi, kimefungwa kitambaa kibichi safi ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndio uwekwe kwenye barafu, si kidole chenyewe. Shanghai waliurudisha mkono wa mfanyakazi wa mashine mwaka 1963. Nara, Japani, madaktari Komatsu na Tamai walikirudisha kidole gumba mwaka 1965, wakishona mishipa chini ya darubini. Nayataja haya na kusema wazi: aliyeumia Opala asiuze mbuzi na shamba akitafuta muujiza huo. Nguvu na pesa ziende kwenye kile kilichobaki mkononi, maana hapo ndipo kuna kushinda.

Zamani kano za kidole zikikatika kati ya kiganja na kiungo cha katikati, madaktari waliogopa kuzishona. Zilikuwa zikishikamana na makovu, kidole kinabaki kijiti. Harold Kleinert na wenzake huko Louisville, Marekani, walibadilisha mambo miaka ya 1960. Walishona mapema, kisha wakafunga ukucha kwa mpira mwembamba uliovutwa hadi kifundoni. Mgonjwa anakinyosha kidole mwenyewe, mpira unakikunja. Kano inateleza kila siku kidogo kidogo, haipati nafasi ya kugandamana. Mpira wa kufungia noti, pini, na plasta ya jasi: hakuna hata kimoja kinachokosekana sokoni kwetu. Msomaji wa Tshopo ataiona kejeli yake: bonde hili la Lomami lilikabidhiwa Compagnie du Lomami mwaka 1898, katika Kongo ile ya Leopold ambako mikono ilikatwa kwa ajili ya mpira.

Kinachokosekana ni mtu wa kusimamia siku za baadaye. Mkono uliovimba ukifungwa vidole vyote pamoja na kuning'inizwa kwenye shuka chini ya kifua, uvimbe unageuka gundi. Mwezi mmoja unatosha kuharibu hata vidole ambavyo diski haikuvigusa. Bandeji inatakiwa ikiache huru kila kidole kilicho kizima. Kifundo kiinuke kidogo, vifundo vya ngumi vikunjwe, vidole vinyooke. Na vile vizima vianze kukunjwa na kukunjuliwa mara tu daktari akiruhusu, ambayo mara nyingi ni siku za kwanza, si mwezi wa pili. Kano iliyoshonwa inahitaji kama majuma kumi na mawili kabla ya kuaminiwa kubeba mzigo. Fundi anayeshika nyundo juma la tano kwa sababu "imepona, haina kidonda" anaikata tena kwa ndani, na safari hii hakuna damu ya kumshtua mtu.

Ncha iliyobaki ina vituko vyake. Wengine kinawauma kidole ambacho hakipo. Wanaambiwa ni uchawi au wanaona aibu kusema. Si uchawi, ni mshipa wa fahamu uliokatwa unaoendelea kutuma habari. Ngozi mpya haitaki kuguswa, basi inazoezwa: kwanza kitambaa laini, kisha kigumu, kisha kuuzamisha mkono ndani ya beseni la mchele na kuusugua humo asubuhi na jioni. Mchele Opala wanalima. Wengine kinyume chake hawahisi kitu, na hao ndio wa kuangaliwa zaidi. Jimbo hili linaijua habari yao kuliko wengi: huko Yakusu na Yalisombo, jirani na Kisangani, daktari Stanley Browne alitibu wenye ukoma kuanzia 1936 hadi 1959, na huko Vellore, India, daktari Paul Brand alionyesha kwamba vidole vya mwenye ukoma haviliwi na ugonjwa, vinaungua na kukatika kwa sababu havihisi sufuria wala kisu. Kidole cha fundi kilichokatwa mshipa kiko katika hatari hiyo hiyo. Kila jioni kitazamwe kwa macho, kwa kuwa hakitasema chenyewe.

Na kazi? Anayepoteza kidole cha shahada, baada ya miezi cha kati kinajifunza kubana msumari na penseli. Anayepoteza cha mwisho anashangaa kuona nguvu ya kushika nyundo imepungua, kumbe kidole kile kidogo kilikuwa kikifanya kazi kubwa. Gumba ndilo zito. Likienda, karibu nusu ya uwezo wa mkono imekwenda. Lakini nimegundua kuwa kinachowarudisha nyuma mafundi wengi ni sauti ya mota. Mtu mkono umepona, anasimama mbele ya meza, swichi inabonyezwa, jasho. Wenzake wanacheka. Afadhali arudi kwa kupiga msasa, kupima, kufunga bawaba, kisha kwenye mashine ile ile ikiwa sasa na kifuniko. Kumrudisha mbele ya diski ile ile iliyo uchi ni ukatili, hata kama anayefanya hivyo anamwita ndugu.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni ugali. Aliyetoka Opala akatibiwa Kisangani anatakiwa abaki karibu na mtaalamu wa mazoezi kwa majuma sita angalau. Atalala kwa nani? Ateliye zina likelemba, mchango wa zamu. Kila juma mmoja anabeba. Ningependa kila kundi litenge zamu moja kwa mwaka isiyo ya mtu, zamu ya mkono, ya kumlisha aliyeumia na mke wake kwa majuma hayo, ili asipande balenyere, mashua ya kurudi kwao, siku ya kumi na nyuzi zikiwa bado kwenye ngozi. Na wateja wakubwa, parokia, shule, mashirika yanayoagiza madawati mia kwa mpigo, wana uwezo ambao mkaguzi wa kazi hana: wanaweza kwenda kuiona mashine kabla ya kulipa malipo ya kwanza, na wakiikuta haina bamba wala kifuniko, waongeze gharama ya mchomeleaji kwenye bei ya madawati, halafu wangoje siku mbili.